Karatasi Zisizo na Neno la Pembeni

Mwenyekiti Dilliraj alivua viatu mlangoni kabla ya kuingia chumba cha kumbukumbu, na hapo Pabitra, mtunzaji wa kumbukumbu, akajua kuna neno. Siku nyingine zote alisimama nje akaita. Kule milimani kwao karatasi haikanyagwi. Ukiigusa kwa mguu bila kukusudia, unainama, unaigusa kwa vidole, halafu unajigusa paji la uso kumwomba radhi mungu wa elimu. Lakini mwenyekiti alikuwa na mambo mengi, na radhi zake aliziachia wengine.

"Eh, dada Pabitra," alisema, akizungusha macho kwenye rafu, mafaili yamefungwa vitambaa vyekundu, kila furushi na kibandiko chake. "Humu mtu anaweza kumwaga wali sakafuni akaula."

"Karibu, mwenyekiti. Unataka faili?"

"Faili la nini? Wewe ndiye faili." Akacheka, tumbo likacheka naye. "Kesho kwenye baraza la wananchi utaitwa mbele. Utaulizwa jambo moja tu. Je, humu ndani kuna lalamiko lolote kutoka kwa watu wa Simle kuhusu machimbo ya mawe? Sasa niambie mimi kwanza. Lipo?"

Pabitra akatazama rafu, ingawa hakuhitaji kutazama.

"Halipo."

"Basi utasema halipo. Mimi sikufundishi uongo, dada yangu. Uongo naogopa. Sema ukweli wako, ukae, unywe chai."

Akavaa viatu akaenda zake akipiga mluzi. Pabitra akakaa kwenye kigoda, uso unamwaka kama mtu aliyeinamia chungu cha moto. Kwa sababu ni kweli, halipo. Na katika ofisi nzima ni yeye peke yake aliyejua kwa nini halipo.

Miaka miwili nyuma ofisi ilikuwa inahamia jengo jipya. Chumba cha zamani kilikuwa kimejaa magunia ya karatasi hadi darini, bati linavuja, panya wanazaa wanavyotaka. Ikaja amri kutoka mkoani: chagueni, kinachofaa kitunzwe, kisichofaa kichomwe. Kamati ikaundwa ya watu watatu, Pabitra, mhasibu na fundi mkuu wa barabara. Mhasibu alikuja siku ya kwanza, akamenya chungwa, akatia sahihi alipoonyeshwa, akaondoka. Fundi mkuu alitia sahihi bila hata kumenya chungwa. Kazi ikabaki ya Pabitra.

Naye akaifanya kwa moyo wote. Hakuna aliyekuwa amemfundisha karatasi ipi ina thamani na ipi haina, ila baba mkwe wake alikuwa karani tangu enzi za wafalme, na jioni moja, akila ugali wake wa ulezi, mzee alimwambia, "Mkwe wangu, usijichoshe kusoma. Tazama pembeni. Barua ikifika kwa mkuu, mkuu huiandikia neno pembeni. Mpe. Mnyime. Shughulikia. Arudi mwezi ujao. Neno hilo ndiyo roho ya barua. Isiyo na neno ni maiti, unamtunza wa nini?"

Basi akatazama pembeni. Wakubwa wa kule huandika kwa wino wa kijani, kwa hiyo kazi ilikuwa nyepesi, hata tamu, kama kuchagua mchele. Kijani kipo, rafuni. Kijani hakipo, guniani. Magunia yakaenda shimoni nyuma ya ofisi. Kabla ya kuwasha moto aliweka maua ya njano pembeni ya shimo, akaomba radhi, akapiga kibiriti. Watu wa mkoani walipokuja kukagua, walipita kati ya rafu kama wageni wa harusi. Wakamvisha skafu ya hariri. Wakampa cheti chenye fremu.

Hakujiuliza swali dogo ambalo sasa halimpi usingizi. Mkuu huacha barua gani bila neno?

Ile anayoikataa huiandikia "hapana", na hiyo "hapana" inabaki, mtu anaweza kumshika nayo hata baada ya miaka. Ile ambayo hataki iwe imemfikia kabisa, hiyo ndiyo huirudisha tupu. Pabitra, kwa uangalifu wake wote, alikuwa amekusanya kila kitu ambacho wakubwa hawakutaka kukijibu, akakichoma. Kama wangemlipa kufanya hivyo asingefanya vizuri zaidi.

Na barua za Simle zilikuwa humo. Zililetwa na somo yake, Suntali.

Pabitra alikuwa wa ukoo wa makuhani, Suntali wa kabila la Wamagari wa juu kule, na kwa kawaida watu hao hawali sahani moja. Lakini walipokuwa wasichana walikutana kwenye gulio, wote wawili warefu, wote wawili wabishi, wote wawili wamegombania bangili zilezile. Mwenye duka akacheka hadi akakaa chini. Wazazi wakasema hawa ni pacha waliokosea matumbo, tuwafungishe usomo. Wakabadilishana mashada ya maua mbele ya watu, wakapakana rangi nyekundu usoni. Tangu hapo msiba wa huyu ukawa msiba wa yule.

Suntali aliingia ofisini na tenga la figili mgongoni, mkanda wa tenga umembana kipajini, na barua kaichomeka kiunoni. Karatasi ya daftari la shule, imejaa alama za vidole gumba.

"Pokea, somo. Vidole vyetu vyote vimo. Hata cha mama mkwe kimo, ingawa alidhani anasaini kupewa sukari."

Barua ilisema katapila la machimbo linakula mguu wa mlima wao. Kuta za nyumba zimepasuka, mkono unapita. Pabitra aliigonga mhuri, akaipeleka juu kwa mwenyekiti. Ikarudi haina neno.

"Vipi, somo, mkuu kasemaje?" Suntali aliuliza alipopita tena.

"Bado."

"Huyu Bado ni mnyama gani, kila nikija namkuta yeye mlangoni?"

Wakacheka. Wakanywa chai. Suntali akaleta barua nyingine, na nyingine tena, na zote zikashuka tupu kama zilivyopanda.

Sasa jambo lenyewe, lile ambalo Pabitra hajamwambia mtu, ni hili. Siku ya kuchagua, barua zile alizikuta mkononi mwake. Alizijua. Karatasi ilikuwa bado na vumbi jekundu la figili. Mkono ukasita juu ya gunia. Akajiambia, nikiitoa hii kwa kuwa ni ya somo yangu, nitakuwa na haki gani ya kuzitupa za wengine? Watasema Pabitra anapendelea. Akazitia guniani, na moyoni akajiona mtu mwadilifu sana. Hata alitabasamu kidogo.

Masika yaliyofuata mlima wa Simle ulishuka. Ilikuwa mchana, watu wako mashambani wanapandikiza mpunga, ndiyo maana wengi walipona. Nyumba zilikwenda zote. Mama mkwe wa Suntali alikuwa ndani, kalala, miguu haina nguvu. Hawakumpata.

Pabitra alipanda kwenda kulia. Kwa kuwa alikuwa somo, alifunga chumvi siku zote za matanga, kama mtoto wa marehemu. Wanawake wakawa wanaonyeshana kwa kidole, "Tazameni, huyo ndiye somo! Mtu wa makuhani anamlilia Mmagari kwa chakula kisicho na chumvi." Kila sifa ilimwingia kama mwiba. Suntali mwenyewe, macho yamevimba, alimsogezea bakuli. "Kula, usije ukaanguka bure. Ukianguka wewe, nani atanipokelea barua?"

Akala. Wali ule haujapita kooni vizuri mpaka leo.

Tangu hapo watu wa Simle walikuwa chini ya maturubai kwenye uwanja wa shule. Walitaka mambo mawili: machimbo yafungwe, na wapewe kiwanja cha serikali kule kileleni wajenge kabla mvua haijarudi. Kanuni ilikuwa wazi, mwenyekiti mwenyewe aliisoma kwa sauti mara nyingi. Kama ofisi iliambiwa ikalala, ofisi itabeba mzigo, itawahamisha na kufunga machimbo. Kama haikuambiwa, basi ni kazi ya mbingu, na mbingu haishtakiwi. Watapewa mchele, sukari na maneno ya pole.

Baraza likafanyika palepale shuleni. Mikeka ilitandikwa, kipaza sauti kikalia kama paka aliyekanyagwa, mwenyekiti akavishwa shada. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyeendesha, kijana mpole mwenye daftari la muhtasari mbele yake. Suntali akasimama kwa niaba ya wenzake.

"Tulileta barua," alisema. "Si moja. Mimi mwenyewe nilizibeba na figili."

"Mama, nakuheshimu," mwenyekiti akajibu, mkono kifuani. "Lakini serikali haiendi kwa figili, inaenda kwa kumbukumbu. Na kumbukumbu zetu, wote mnajua, zimepewa cheti. Mwiteni mtunzaji."

Pabitra akaenda mbele.

"Dada," mwalimu akauliza, "katika chumba cha kumbukumbu kuna lalamiko lolote kutoka Simle?"

"Halipo."

Sauti ilitoka kwenye kipaza sauti kubwa, ngeni, ikagonga ukuta wa shule ikarudi. Akakaa. Mwenyekiti akafungua viganja vyake kuonyesha watu kwamba havina kitu. Mwalimu akaanza kuandika.

Suntali hakupiga kelele. Alishika kipaza sauti, akawatazama watu, akasema, "Kitendawili!"

Watu walishtuka. Halafu, kwa mazoea tu, baraza zima likaitikia, "Tega!"

"Niliingia naye mlangoni, nikatoka peke yangu. Yeye hakutoka kwa mlango, hakutoka kwa dirisha, na ndani hayumo."

"Usingizi!" mmoja akapaza.

"Panya!"

"Mume wangu!" akasema bibi mmoja wa mbele, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Moshi!" akapiga kelele kijana mmoja kutoka juu ya ukuta.

Suntali akatikisa kichwa, maana hata yeye hakujua barua ziliishia wapi. Lakini Pabitra alishika mkeka kwa mikono miwili.

Mwenyekiti alikuwa anacheka kuliko wote, jasho limeanza kumkauka. "Haya, mama, umetushinda. Tupe jibu."

"Nipe mji kwanza. Aliyeshindwa hutoa mji."

"Chukua mji."

"Upi?"

"Wowote! Chukua Kathmandu!"

"Kathmandu mbali, na mimi nikipanda basi natapika. Nipe wa karibu." Akaonyesha mlimani kwa kidole. "Nipe Simle."

Kicheko kikakatika. Bibi wa mbele akaweka ncha ya shuka mdomoni. Hapakuwa na mtu wa kuutoa mji ule. Ulikuwa chini ya mawe, na mama mkwe ndani yake.

"Huna?" Suntali akasema taratibu. "Basi jibu nitakaa nalo."

Akaweka kipaza sauti chini, akarudi mkekani. Alipita karibu na Pabitra bila kumtazama. Angemtazama, hata kwa hasira, ingekuwa afadhali.

Pabitra alisimama bila kujua kwamba amesimama. Mwalimu aliinua uso. "Umeshajibu, dada."

"Nimejibu nusu."

Mwenyekiti akakohoa. "Dada Pabitra amechoka. Kazi nyingi."

"Barua zilikuja," Pabitra alisema. Sauti sasa ilikuwa ndogo, watu wa nyuma wakaanza kusema shii, shii. "Nilizipokea mimi. Nikazigonga mhuri. Nikazipeleka kwa mwenyekiti. Zikarudi hazina neno la pembeni. Na siku ya kuchagua karatasi, kila isiyo na neno niliiona haina thamani. Nikazichoma. Hazipo kwa sababu nilizichoma. Si kwamba hazikuja."

Mtoto mmoja alilia, akanyamazishwa kwa ziwa. Pabitra alisikia macho ya watu yakimtambaa usoni, shingoni, kwenye ile skafu ya hariri ambayo asubuhi alikuwa ameivaa kwa kuwa ilikuwa siku rasmi. Alitamani kuivua, akaona akiivua ndiyo watamtazama zaidi.

"Una ushahidi?" mwenyekiti akauliza kwa upole. Alikuwa mpole sana.

"Sina. Ndio nilioutia moto."

"Basi ni maneno matupu. Mwalimu, tuendelee."

"Naomba karatasi," Pabitra akamwambia mwalimu.

Mwalimu akachana moja kutoka nyuma ya daftari. Pabitra aliandika akiwa amesimama, yaleyale aliyoyasema, hakuongeza wala kupunguza. Akatoa mhuri wa mapokezi mfukoni, akaupumulia uloane, akagonga. Kisha akaiweka mbele ya mwenyekiti.

"Andika neno pembeni."

"Neno gani?"

"Lolote. Andika naongopa, andika mimi kichaa. Lakini usiirudishe tupu. Ikirudi tupu, mimi najua inakokwenda."

Watu wakaanza kuinuka kutoka mikekani ili waone. Mwenyekiti akapapasa mfukoni. "Kalamu yangu imekauka."

Bibi wa mbele ndiye aliyecheka kwanza. "Tangu lini, mwanangu? Tangu barua za Simle?" Kalamu zikaanza kupita mkono kwa mkono, za wanafunzi, ya muuza duka, hata penseli.

"Mimi huandika kwa kijani," alisema mwenyekiti.

"Hata bluu inasomeka," mwalimu akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa woga.

Mwenyekiti akaishika karatasi kwa ncha za vidole. Akaisoma mwanzo hadi mwisho, huenda ikawa karatasi ya kwanza kuhusu Simle kuisoma. Akatazama watu waliomzunguka. Mwishowe akaandika haraka, akaisukuma mezani. Mwalimu akasoma kwa sauti:

"Mwandishi wa barua hii achunguzwe."

Minong'ono ikapita uwanjani. Wengine walisikitika, wengine walisema anastahili, na pande zote mbili zilikuwa na haki. Mwalimu akanakili neno lile kwenye muhtasari, na barua yenyewe akaibana kwenye daftari kwa pini. Pabitra alielewa. Watakuja watu wa mkoani kumhoji, cheti kitashushwa ukutani, na huenda kazi ikaenda. Lakini hawawezi kumhoji alichoma nini bila kuuliza kilichochomwa kilikuwa kinasema nini, na kilipita meza ya nani. Watu wa Simle watahojiwa. Katapila litatajwa. Viwanja havijapatikana, ila neno "haikuambiwa" mwalimu alilikata kwa mstari, na muhtasari ulioanza nalo sasa una doa.

Baraza lilipovunjika, Suntali alibaki anakunja mikeka. Pabitra akamwendea. Alishika upande wa pili wa mkeka, wakaukunja pamoja, mpaka mikono yao ikakaribiana.

"Mambo ya mwenyekiti nimeyasikia," Suntali akasema. "Sasa nakuuliza langu. Karatasi zilikuwa nyingi. Magunia kwa magunia. Yangu ulipoitia guniani, uliijua kuwa ni yangu?"

Hapo palikuwa na mlango wazi. Nani angejua? Karatasi maelfu, mtu amechoka, vumbi machoni. Hata Suntali, ukitazama vizuri, alikuwa ameuliza kama mtu anayemshikia mwenzake mlango apite. Pabitra aliona midomo yake ikianza kuunda lile neno jepesi.

"Niliijua," alisema.

Suntali akauachia mkeka.

"Niliijua na nikaona fahari," Pabitra akaendelea, kwa sababu alikuwa ameanza na hakuweza tena kusimama. "Niliona nisipoitoa yako ndiyo nitakuwa mtu wa haki."

Suntali alimtazama muda mrefu, mara ya kwanza siku ile. Machozi hayakuwapo, wala hasira. Alikuwa anamtazama kama mtu anayepima kimo cha maji kabla hajavuka.

"Ungesema hukuijua," alisema hatimaye, "ningekusamehe leoleo. Nilishajiandaa. Tangu uliposimama pale mbele nimejiandaa."

Akaweka mikeka kichwani, akatelemka kuelekea kwenye maturubai. Njiani mwanamke mmoja akamuuliza kitu, akajibu, wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka.

Pabitra alibaki na ule mkeka wa mwisho mikononi. Alitaka kumfuata ampelekee, akaona ataonekana anajipendekeza. Alitaka kuuacha, akaona ni mkeka wa watu. Akasimama nao pale katikati ya uwanja, na kila aliyepita alimwamkia kwa adabu zote, akapita.